Masika Ndani ya Nyumba ya Virpal

Jumatano, 1 Machi 1989

Bwana Shitanda wa ofisi ya mambo ya kale ameniachia daftari hili leo. Amesema niandike kila ninachokijua kuhusu nyumba: nani aliijenga, nini kimebadilishwa, wapi panavuja. "Andika tu vile unaongea, mama." Basi nitaandika ninavyoongea, na atakayechoka kusoma shauri yake. Mimi na marehemu mume wangu Dalmas tuliongea Kiswahili tangu siku ya kwanza, yeye Mjaluo, mimi Msamia, na mambo ya nyumba yake sijui niyaandike kwa lugha gani nyingine.

Haya. Nyumba ilijengwa na Mhindi mfanyabiashara, Virpal, reli ikiwa bado mpya na mji huu wa Kisumu ukiitwa Port Florence. Chini mbele duka, nyuma stoo ya ngozi na samli, juu ndiko walikolala. Fundi alikuwa Kalasinga aliyeacha kazi ya reli. Huyo hakujenga kwa mawe. Alianza kwa kusimamisha mifupa ya mbao za mvule zilizovushwa ziwani kutoka upande wa Busoga, nyingine wima, nyingine za kulala, nyingine za mshazari, kisha akajaza katikati kwa matofali mabichi ya udongo na kupiga chokaa. Mbao akazipaka lami. Ndiyo maana ukipita njia ya gati unaona ukuta mweupe wenye mistari myeusi, na watoto wa shule wanaiita nyumba ya pundamilia. Chini ya paa pande zote kuna mbao zilizotobolewa maua, na kila mgeni husimama kuzitazama.

Ukuta wa upande wa ziwa una nguzo moja iliyotoka chini ikapita hadi juu ya kilele cha paa. Huko juu inachomoza kama urefu wa mkono, imechongwa mviringo kama kishikio cha kifuniko cha birika, na imevikwa kofia ya shaba. Bwana Shitanda aliitazama mpaka shingo ikamuuma. Anasema hajaona nyumba nyingine ya namna hii Nyanza nzima.

Kamati yake inakuja Juni, mvua ikipungua. Wakiikubali, nyumba inaandikwa kwenye gazeti la serikali na hakuna mtu anayeweza kuibomoa, hata ukoo wa mwenyewe. Hapo nabaki. Wasipoikubali, wazee wa Dalmas wataketi waamue, na kuna bwana anayekitaka kiwanja ajenge baa na vyumba vya kulala. Mimi sikujaliwa mtoto wa kunisemea. Nyumba ndiyo itakayonisemea.

Jumamosi, 4 Machi

Joto la kuua. Nimeshona kanzu za kwaya barazani. Hakuna mvua.

Alhamisi, 9 Machi

Elsie amepita na karai la mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta ya kukaanga anayouza mtaani Obunga, akaketi barazani apumzishe kichwa. Elsie ni rafiki yangu tangu nilipoolewa huku, huniita Nyar Samia, binti wa Usamia, kama wote wa huku, na mdomo wake hauna komeo.

"Nyar Samia, nikuambie ama ninyamaze?"

"Ukinyamaza utapasuka. Sema."

"Kule kwa wakwe zako wanasema ulilia matanga kama mtu anakata vitunguu."

"Nani anasema?"

"Si watu! Tena wanasema kule dala walivunja osuri ya marehemu, lakini hapa taoni umeacha paa yake imesimama kama mtu ako hai, ndio ukule mali peke yako."

Osuri ni ule mti mwembamba wanaouchomeka juu ya kilele cha nyumba ya mwanamume, kuonyesha mwenye mji yuko. Akifa, unavunjwa. Kule dala, nyumbani kwa ukoo, niliona wakiuvunja mwezi wa kwanza, na ni kweli sikulia kwa sauti, maana machozi yangu mimi hayana sauti. Hasira imenishika mchana kutwa. Miaka yote niliyoolewa, nikipika samaki wanasema nimepika Kisamia, nikinyamaza wanasema naringa. Jumamosi wazee wanakuja kumaliza maneno ya matanga. Na waje. Safari hii hawatapata la kusema.

Jumamosi, 11 Machi

Wamekuja. Mzee Joram, baba mdogo wa marehemu, ndiye mkubwa wao, na wazee wenzake, na Gordon. Gordon ni mdogo wake Dalmas, mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Migosi. Ni mtu wa maneno machache na macho mengi. Sijawahi kujua anawaza nini, na mtu wa hivyo mimi simwamini.

Wamekula kuku wakashiba. Ndipo nikasimama nikasema mbele yao wote kwamba nataka osuri ya mume wangu ivunjwe hapa pia, nikawaonyesha ile nguzo inayochomoza juu.

Mzee Joram aliweka kikombe chini. "Nyar Samia, osuri ni kitu ya dala. Ile tulishatoa. Hii ni nyumba ya Muhindi, iko kwa plot ya taoni. Hiyo mti iko juu ni marembo tu."

"Mzee, Dalmas alilala chini ya paa hili. Kama alikuwa mwanamume kule, alikuwa mwanamume hapa pia. Sitaki kesho mtu aseme nimemficha."

"Nani atasema?"

Nilimtazama Gordon. Gordon akatazama dari. "Shemeji," akasema, "huyo mtu wa mambo ya kale umemuuliza? Hii kitu imekaa juu huko miaka mingi. Tuiache."

"Unaniambia niache mila yenu?"

Wazee wakacheka, mmoja akapiga paja. Mzee Joram akamwambia Gordon, "Kama inatuliza roho yake, toa. Haidhuru mtu."

Gordon alipanda ngazi na msumeno. Mvule mgumu, alisota huko juu jasho likimtoka huku mawingu yakijikusanya upande wa ziwa. Alipoishusha, kofia ya shaba ikiwa juu yake bado, Mzee Joram aliipokea kwa mikono miwili, akasema wataenda nayo nyumbani waitupe nyuma ya boma. Gordon akapandisha kipande cha bati, akakipigilia juu ya kidonda, akashuka haraka kabla ya mvua.

Mzee Joram alipokuwa akiondoka alinishika mkono mbele ya wote, akasema, "Huyu ni mwanamke wa heshima." Mbele ya wote! Leo nimejisikia mtu wa ukoo huu. Elsie nitamwambia kesho, najua Obunga nzima itakuwa imesikia kabla ya jioni.

Jumatatu, 13 Machi

Mvua imeanguka. Harufu ya udongo mpaka chumbani.

Jumapili, 26 Machi. Pasaka

Nimetoka kanisani nimemkuta Gordon hotelini karibu na stendi, amekaa na nani? Na yule bwana wa baa na vyumba vya kulala. Meza moja, soda mbili. Aliponiona alisimama kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani. Sikumsalimu.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wanavyosema. Ndugu wa kuzaliwa tumbo moja na Dalmas, kaburi la kaka yake bado ni tope!

Jumapili, 2 Aprili

Upepo mkali jana jioni. Asubuhi nimekuta kipande cha bati uani, nadhani kimetoka kwenye choo cha jirani. Nimefunikia kuni, zilikuwa zinaloa.

Jumapili, 9 Aprili



Gordon amekuja baada ya kanisa, ngazi begani, futi ya chuma mfukoni. Hakuketi. Akasema, "Shemeji, nataka nipande juu kidogo niangalie paa."

"Uangalie nini?"

"Ile siku nilipiga misumari miwili tu. Mvua ilikuwa inakuja. Nataka nipime nikate bati kubwa."

Upime! Niliiona ile futi, nikamwona akipimia baa, vyumba vya kulala, choo cha wateja. Nilitoka naye mpaka barabarani, sauti yangu ikitangulia. Nilimwambia ameuza kiwanja cha marehemu kwa soda ya Pasaka. Nilimwambia kaka yake alimlipia karo akakaa na njaa, na hii ndiyo shukrani. Watu wakasimama, mwenye baiskeli akashuka, Elsie akaja mbio na karai lake. Niliita mwizi, mara ya kwanza na ya pili. Kisumu ukiita mwizi barabarani si mchezo. Mtu anaweza kufa kabla hajaulizwa ameiba nini.

Gordon aliiinua ngazi akaondoka, na vijana wakamzomea mpaka kona ya gati.

Elsie alinitazama. "Sasa hiyo ilikuwa ya nini?"

"Anapima nyumba."

"Kwani mtu akitaka kuuza nyumba anapima paa?"

Nilimwambia aende akauze mifupa yake.

Ijumaa, 14 Aprili

Mvua. Vifungo vimeniishia.

Alhamisi, 20 Aprili

Chumba cha juu, upande wa ziwa, chokaa imevimba pembeni ya nguzo. Ukiigonga inalia tupu. Kuna doa la rangi ya chai linaloshuka nayo sambamba. Nyumba za kale huwa hivi masika. Dalmas alikuwa akikwangua akipaka upya mwezi wa saba, basi. Nimesogeza kabati palipo na doa.

Jumamosi, 29 Aprili

Imenyesha wiki nzima bila kupumua. Doa limetokea upande wa pili wa kabati.

Alhamisi, 4 Mei

Bwana Shitanda amepita bila kutarajiwa, viatu vimejaa tope. Kamati inakuja Ijumaa ya tarehe tisa Juni. Anafurahi kama bwana harusi. Anasema wakubwa wake Nairobi wameona picha na wamependa hasa ule ukuta wa upande wa ziwa.

"Mvua haijaleta shida, mama?"

"Hakuna shida."

"Naweza kupanda juu mara moja?"

Nilimwambia chumba kimejaa nguo za watu, kwaya mbili, na mambo yetu ya wanawake. Akaona haya. Nilimpa chai barazani, akainywa akitazama barabara, mgongo wake ukiwa kwa ukuta. Laiti angerudi nyuma hatua chache tu na kuinua uso kwenye kilele, angeona hakuna kitu. Mvua ndiyo iliyoniokoa, maana hakutaka kuloa.

Jumamosi, 13 Mei

Elsie tumepatana. Alikuja na samaki mzima, si mifupa, nikajua amekuja kusuluhisha. Akapanda juu kujaribu gauni lake, akanusa.

"Kuna nini nyuma ya kabati?"

"Hakuna."

Alilisukuma mwenyewe kwa kiuno. Akaweka kidole kwenye ukuta, na kidole kikaingia. Kikaingia chote! Alipokitoa, maji ya kahawia yakafuata.

"Yesu! Nyar Samia, hii ukuta imekuwa uji. Umekaa hapa na hii? Si unajua mficha uchi hazai..."

Akajiziba mdomo. Nilijua hakukusudia, ni neno ambalo kila mtu husema, lakini nilikaa kitandani nikalia, na safari hii nililia kwa sauti. Alinishika mabega mpaka nikamaliza.

Baadaye alisema, "Muite Gordon."

"Nimemwita mwizi barabarani. Nitamwita jina gani tena?"

"Muite shemeji."

Sikumwita. Nilikuwa na haya, na juu ya haya kiburi, na nilijiambia mvua itakata kabla ya mwisho wa mwezi.

Jumanne, 16 Mei

Elsie alikwenda Migosi bila kuniambia. Leo jioni, shule ilipofungwa, Gordon amekuja na mkokoteni wa milingoti. Amenisalimu kama vile hakuna kilichotokea.

Alipita uani kwanza. Akasimama kwenye kuni. Aliinua lile bati, akaligeuza, akaonyesha matundu mawili ya misumari.

"Hii ulitoa wapi?"

"Lilianguka na upepo. Mwezi wa nne. Nilidhani ni la jirani."

Nililiangalia tena, na ndipo nikaelewa yote kwa mpigo: mahali lilipokuwa, ngazi, futi, misumari miwili. Maji yamekuwa yakiingia juu ya nguzo wiki baada ya wiki, yakishuka nayo ndani kwa ndani na kulowesha udongo wa Kalasinga, huku mimi nikisogeza kabati.

"Ile Jumapili ulikuja kwa ajili ya hili," nikasema.

"Eeh."

"Na ile siku ya Pasaka?"

"Yule mtu alinifuata. Nilimwambia mke wa ndugu yangu bado ako ndani ya nyumba, asinifuate tena." Akaweka bati chini. "Lete taa tuone hiyo ukuta."

Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Mbao zenyewe hazijaoza, mvule ni mvule. Ila udongo kati yake umelainika, unashuka kwa uzito wake na kuzisukuma nguzo nje. Gordon ameegemeza milingoti kwa nje na kwa ndani. Amepanda juu kwenye manyunyu akafunika kichwa cha nguzo kwa bati pana na lami. Anasema jua likiwaka wiki mbili mfululizo ukuta utashika tena. Tumehesabu hadi siku ya kamati. Inawezekana. Mungu, jua tu naomba.

Jumatano, 17 Mei

Jua.

Alhamisi, 18 Mei

Jua. Gordon amekuja akakaza milingoti. Amekula chakula changu, akaomba samaki wa pili. Anasema Dalmas alikuwa akimwambia sipiki Kisamia wala Kijaluo, napika kizuri. Hilo sikuwahi kulijua.

Jumamosi, 20 Mei

Nyumba imeanguka.

Naandikia kwa Elsie, Obunga, juu ya gunia. Nataka niandike ilivyokuwa kabla kila mtu hajanisimulia.

Asubuhi jua liliwaka mpaka tukacheka. Gordon alikuwa ndani, mimi barazani kwenye cherehani. Saa tisa hivi mbingu upande wa ziwa ikawa nyeusi ghafla. Ikaja mvua ya mawe, mawe makubwa kama karanga, yakipiga mabati hata usisikie mtu akipiga kelele. Upepo ulitoka ziwani moja kwa moja ukaja kwenye ule ukuta. Nilisikia mlingoti wa nje ukiteleza kwenye tope. Halafu nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia, kama gunia la mchanga linalomwagwa, likamwagwa, likamwagwa bila kwisha.

Niliingia ndani mbio, mjinga mimi, kutafuta nini sijui. Gordon alikuwa anashuka ngazi. Akanishika kiunoni akanitupa nje kama furushi, kisha akarudi ndani! Nilimpigia kelele aache. Alitoka na cherehani yangu kifuani, na mbao moja ya maua kutoka chini ya paa ikamwangukia begani akiwa mlangoni. Alipiga magoti lakini cherehani hakuiachia.

Mvua ilipokata, ukuta wa upande wa ziwa ulikuwa haupo. Udongo wote ulikuwa uani, umekuwa tope lenye vipande vya chokaa. Mbao zimebaki zimesimama zimepinda, na ukiwa barabarani unaona kitanda changu, kabati, na kalenda ya kanisa ukutani kwa nyuma, kama duka lililofunguliwa. Watu walikuja kuangalia. Kijana mmoja wa wale waliomzomea Gordon alimsaidia kufunga mkono kwa shuka.

Nyumba ile ilisimama kwa Virpal, kwa mwanawe, kwa mjukuu wake aliyemuuzia Dalmas, na kwa Dalmas. Kwangu mimi peke yangu haikumaliza masika moja.

Jumatatu, 29 Mei

Bega la Gordon limetoka mahali pake, limerudishwa. Hawezi kuinua mkono. Anafundisha akiandikia ubaoni kwa mkono wa kushoto.

Ijumaa, 9 Juni

Kamati imekuja hata hivyo, kwa heshima tu. Mzee Joram na wazee wamekuja pia, kusikia. Bwana Shitanda alizunguka kwenye tope, akapiga picha ya mbao. Wakubwa wake walikaa ndani ya gari. Alipoinua macho kwenye kilele, alisimama.

"Kichwa cha nguzo kiko wapi? Kile chenye shaba?"

Upepo ulikuwa umeng'oa bati la Gordon, na mkato wa nguzo ukaonekana wazi.

"Hiki hakikuvunjwa na upepo. Kimekatwa kwa msumeno. Ndipo maji yalipoingilia. Nani alikata?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Ila wazee walikuwa wamesimama mstari mmoja, Mzee Joram mbele, na aliyenishika mkono mbele ya wote siku ile ndiye aliyekuwa akinitazama sasa.

"Ni mimi," Gordon akasema. "Mimi nilikata."

"Kwa nini?"

"Niliona ni ya zamani. Nilifikiri inaweza kuanguka."

Bwana Shitanda alitikisa kichwa akasema jambo kuhusu ujinga, kwa Kiingereza, na Gordon ni mwalimu, alilisikia lote. Kisha akanijia akanipa pole, akaniambia hawawezi kuiandika nyumba isiyo na ukuta. Aliniuliza kama bado nina daftari. Nilisema limepotea kwenye tope.

Kumbe Mzee Joram anakumbuka vizuri nani alitaka. Aliangalia chini tu, kwa haya ya kumwona kijana wake akidanganya mbele ya wageni.

Jumamosi, 10 Juni

Nimekwenda Migosi. Nilimuuliza Gordon kwa nini.

"Shemeji, sasa utaenda kukaa na hao watu dala. Mimi ni mtoto wao. Watanikasirikia mpaka mavuno, basi. Wewe wakikukasirikia utaenda wapi?"

Nilitaka kumwambia mengi. Nilimwomba chai.

Jumamosi, 17 Juni

Wazee wameketi nyumbani, chini ya kibanda cha mabati. Wameamua: kiwanja kitauzwa. Mimi nitajengewa nyumba hapa kwenye boma la marehemu, maana mjane lazima awe na nyumba kwao. Wamesema kwa upole. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ukali, na upole ukaniumiza zaidi.

Kisha mmoja wao akaanza kumsema Gordon, kwamba yeye ndiye aliyeponza mali ya kaka yake, kwamba elimu imemharibu. Gordon alikaa na mkono wake kifuani. Sikuvumilia. Nilisimama nikasema yote: kwamba ni mimi niliyetaka, kwamba Gordon alikataa, kwamba alikuja kutengeneza nikamwita mwizi, kwamba nilificha ukuta, na kwamba mbele ya kamati alinibebea. Nilisema mpaka sauti ikaisha. Nilijisikia mwepesi.

Mzee Joram alikohoa. "Kwa hivyo," akamwambia Gordon, "umetudanganya sisi mbele ya serikali, na leo umekaa hapa ukatunyamazia."

Hawakunigeukia mimi. Walimgeukia yeye. Wamemwambia uongo mbele ya wageni ni aibu ya ukoo, na kwamba asisimame tena kusema kwa niaba yao. Mimi, Mzee Joram alinipa mkono tena, akasema nimesema kama mwanamke wa heshima.

Nilimkuta Gordon nje ya boma.

"Nilitaka wajue ukweli," nikamwambia.

"Walijua. Walikuwa pale ile siku, wote." Alikuwa na hasira, mara ya kwanza namwona hivyo. "Walikuwa wanasema tu, wangechoka. Wewe ndio ulitaka kusafishwa mbele yao. Kila saa ni mbele yao."

Akaondoka. Ni kweli. Sina la kuongeza, ni kweli tupu. Nilikata kichwa cha nguzo ili waniite mwenye heshima, na leo nimemkata huyu kwa ajili ya neno lilelile.

Jumatano, 21 Juni

Mvua imekwisha. Ziwa limetulia. Sijamwona Gordon. Mzee Joram ameagiza mbao za mvule zivunjwe zipelekwe nyumbani zijenge nyumba yangu. Nimeajiri vijana wa Obunga, wamesema wanakuja Jumamosi.

Jumamosi, 24 Juni

Vijana hawakuja. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za baraza tangu asubuhi nikitazama nguzo, nikijiambia Elsie atanisaidia, Elsie mwenye mgongo mbovu.

Gordon alikuja saa nne na mkokoteni. Hakunisalimu. Alianza kung'oa misumari kwa mkono wake mmoja mzima, akipanga mbao moja moja, za wima huku, za mshazari kule. Nilileta chai, ikapoa. Nilileta nyingine. Jua lilichoma, chokaa kavu ikatujaa kwenye nywele, na hakusema neno mpaka adhuhuri ikapita. Mara nyingi nilitaka kusema, nikakumbuka ni mbele ya nani ninapenda kusema, nikanyamaza.

Tulipobakiwa na ile nguzo kubwa, akiwa ameilaza tayari uani, bila barabara kuwa na mtu, bila mzee, bila Elsie, nilimwambia, "Gordon, nisamehe."

Aliinama akaweka mkono wake mzima chini ya ncha moja.

"Shika upande huo," akasema. "Hii ni nzito."

Nikashika.